Mashine Iliyokaa Eda Mtongwe

Mwanatatu binti Kassim hakupenda kuitwa mtaalamu. Jina hilo alipewa na kampuni, na kampuni ilimpa kwa sababu ni rahisi kumpa mtu jina kuliko kumpa msaidizi.

Tangu mwanzo wa miaka ya tisini kazi yake ilikuwa kuitunza kompyuta kubwa ya kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, pale Changamwe, ambako mimi nami nilikuwa karani na mjumbe wa wafanyakazi. Tuliiita seva. Ndani yake zilihifadhiwa habari za kila kontena tuliloshughulikia: ni la nani, limeshuka kutoka meli gani, limelipiwa ushuru au bado. Seva ilipofanya kazi hakuna aliyeikumbuka. Iliponyamaza, malori yalipangana hadi barabarani na madereva wakaja dirishani kututukana kwa lugha zote zinazosemwa kati ya bandari na mpaka wa Malaba.

Mwalimu wa kufundisha mambo yake alikuja kutoka Nairobi mara moja tu, na kampuni ikakubali kumlipia mwanafunzi mmoja tu. Alichaguliwa Mwanatatu, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyetu kwenye mashine ya kupigia chapa. Hivyo ndivyo mwanadamu mmoja alivyofungwa kamba moja na chombo kimoja, na hakuna aliyeuliza kamba hiyo itafunguliwaje.

Sasa chombo chenyewe kiliwekwa wapi? Kiliwekwa stoo, chini ya ngazi, ukuta mmoja na jiko la chai. Kiyoyozi cha dirishani kilikufa mapema. Mwanatatu akaleta feni kutoka nyumbani kwake. Vumbi la barabara na moshi wa viwanda vilipenya chini ya mlango, akaleta matambara. Masika yalipoanza maji yalidondoka kupitia ngazi. Akaleta karatasi ya nailoni akaifunika mashine kwa juu, huku akiiachia nafasi ya kupumua. Kulikuwa na betri ndogo ambayo stima ikipotea iliishikilia mashine kwa kitambo tu, ili mtu apate kuizima kwa adabu. Lakini lazima mtu huyo awepo. Na mtu alikuwa mmoja.

Basi saa za kutoka zilipofika, sisi tulitoka, Mwanatatu akabaki. Akitoka, aliitwa. Jumapili aliitwa. Siku ya Idi gari la kampuni lilivuka feri kumfuata hadi Mtongwe, na Tsofa, dereva wetu, alitoka kwenye gari ameinamisha uso kama aliyekuja kupeleka hati ya mahakama.

Mumewe, Mwidani, alikuwa fundi cherehani wa Likoni, mtu wa mzaha. Mkewe aliporudi jioni alimpokea na salamu moja ile ile.

"Mume mwenzangu hajambo?"

"Anaumwa joto."

"Mpe pole. Mwambie na mimi nina joto, lakini mimi sina feni. Feni ameichukua yeye."

Walicheka wote wawili. Mwanatatu aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alicheka kwa moyo, na miaka iliyofuata alicheka kwa sababu alikuwa amechoka kujibu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu dawa haikuwa mbali. Kule Miritini, mwendo mfupi tu kutoka ofisini kwetu, palikuwa na jumba lililojengwa mahsusi kwa kazi ya kukaa na kompyuta za makampuni. Kampuni yoyote iliweza kukodi nafasi, ikaweka mashine yake mle, na makarani wakafanya kazi kwenye meza zao wenyewe kwa waya wa simu kama kwamba mashine iko chumba cha pili. Nililieleza jambo hili mkutanoni, na mwaka uliofuata nikalieleza tena. Bwana Gershom, meneja wetu, alinisikiliza kwa utulivu. Alikuwa Mtaita, mtu wa kanisa, mwadilifu kwa namna yake. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kitu unachoweza kukigusa ndicho kilicho salama.

"Ndugu mjumbe," aliniuliza, "wewe ungempeleka mke wako akalale kwa jirani, eti kwa sababu jirani ana kiyoyozi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwanatatu, aliyekaa karibu na mlango ili asikie betri ikilia, hakucheka.

"Nyaraka za wateja wetu zitakaa chini ya macho yetu," akamaliza Bwana Gershom, na mkutano ukafungwa. Macho yetu! Macho yalikuwa ya mwanamke mmoja, na yalikuwa mekundu.

Mwidani alikuwa na maradhi ya moyo, ya muda mrefu, ambayo yeye mwenyewe aliyafanyia mzaha. Jioni aliyofariki, stima ilikuwa imepotea Changamwe yote. Mwanatatu alikuwa ndani ya stoo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anangoja stima irudi aiamshe mashine, kwa maana kulikuwa na meli inateremsha mizigo na karatasi zake zilitakiwa asubuhi. Habari ilipigwa simu langoni. Tsofa ndiye aliyeingia kumwambia, na aliingia bila kubisha.

"Dada, funga uje."

"Ngoja stima irudi, Tsofa. Kidogo tu."

"Dada. Funga."

Alipofika Mtongwe, wanaume walikuwa wamejaa barazani na wanawake wamemvua maiti miwani. Miwani hiyo Mwanatatu aliwekewa mkononi, na ndiyo aliyoshika usiku kucha.

Kwa desturi yetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hukaa ndani ya nyumba ya mumewe, hajipambi, hajitii manukato, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Wengi wa nje huidhania ni adhabu. Aliyefiwa anajua kwamba ni kipindi pekee katika maisha ya mwanamke wa kwetu ambapo dunia nzima imekatazwa kumtuma. Mwanatatu hakuwa na haja kubwa ya kitu kingine. Alitaka kumkalia Mwidani eda kamili, bila kuitwa, kwa kuwa wakati wa uhai wake hakupata kumkalia jioni moja kamili. Na alitaka, eda ikiisha, aikute kazi yake, maana sasa nyumba ilikuwa na mama mkwe mzee na haikuwa na cherehani inayozunguka.

Mama mkwe huyo, Mwanarehema, ndiye aliyempokea Bwana Gershom alipokuja wiki ya pili. Alimkalisha ukumbini. Mwanatatu alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa nimeandamana na meneja, kwa kuwa nilihisi safari ile haikuwa ya rambirambi peke yake.

"Pole sana, mama, kwa msiba," alisema Bwana Gershom.

"Tushapoa. Ni amri ya Mungu."

"Ningependa kuzungumza na Mwanatatu."

"Zungumza. Pazia lina masikio."

Bwana Gershom akajikohoza. "Mashine imelala, na hakuna anayejua kuiamsha. Yule mwalimu wa Nairobi ameshahama nchi. Nimeuliza watu wa dini yenu, mama. Wameniambia mjane anaweza kutoka mchana ikiwa kuna dharura."

"Dharura ya nani?" Mwanarehema alimkazia macho. "Yake, au ya hilo sanduku lako?"

"Ya kazi, mama. Kazi yake."

"Kazi yake ni hii aifanyayo. Na huyu aliyekufa hakuwa na mama mwingine wa kumsemea, ila mimi."

Halafu meneja akasema maneno ambayo naamini alikuwa ameyabeba tangu kwenye feri, na hakuyafurahia. "Itabidi nitafute mtu mwingine, mama. Nikimpata, sijui Mwanatatu akirudi atakaa kiti gani."

Nilikuwa nimefungua kinywa kumjibu, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti kavu, isiyo na machozi wala heshima.

"Bwana Gershom. Mimi siwezi kuja kwenye mashine. Basi ije yenyewe ikae na mimi."

Baadaye aliniapia kwamba aliyatupa maneno hayo kama mtu anavyomtupia paka kandambili, ili amfukuze. Lakini Bwana Gershom hakufukuzika. Nilimwona anawaza, na nilipomwona anatikisa kichwa kwa kukubali, nilijua kwamba tumeingia kwenye upumbavu ambao hata aliyeutaja hakuutaka.

Siku chache baadaye gari lilisimama Mtongwe, na Tsofa akashusha seva, kioo chake, printa, betri, na feni.

"Shikamoo, mama. Nimekuleteeni mgeni. Hali pilau, hali wali. Anakula stima."

"Marahaba. Na mgeni huyu atakaa hadi lini?"

"Hadi eda iishe, mama."

Mwanarehema akalitazama lile sanduku la rangi ya majivu kutoka juu hadi chini. "Basi na yeye ni mjane. Mweke pale pembeni, asiwazuie watu ndia."

Wakaliweka pembeni mwa ukumbi, karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari na chumvi yake. Feni ya Mwidani ilirudi nyumbani kwake hatimaye, ila ilielekezwa kwenye mashine.

Kila asubuhi Tsofa alileta bahasha ya karatasi kutoka Changamwe, na kila alasiri alirudi kuchukua zilizochapwa. Ukumbi ukiwa hauna wageni wa kiume, Mwanatatu alitoka chumbani na kanga zake nyeupe, akakaa mbele ya kioo na kuingiza namba za makontena. Wanawake waliokuja kumpa mkono wa tanzia walimkuta hivyo. Walianza kumliwaza, printa ikaanza kukereza, wakalazimika kupaza sauti, na pole inayotolewa kwa kelele haiwi pole. Mmoja alimuuliza Mwanarehema kama mfiwa anaandika barua za serikali. Mwanarehema akamjibu kuwa mfiwa ananyonyesha.

Stima ya Mtongwe haikuwa bora kuliko ya Changamwe. Betri ilipolia, mjane alikurupuka kwenye mswala. Kutu nyembamba ilianza kuota kwenye pembe za sanduku. Tepu zenye nakala za kazi ya kila siku, ambazo zingetakiwa kukaa jengo jingine kabisa ili maafa ya nyumba moja yasizikute, ziliwekwa kwenye kabati la vyombo chumba hicho hicho, kati ya bakuli za udongo na birika la wageni. Bwana Gershom alikataa zihamishwe. Alitaka vyote viwe pamoja, chini ya macho. Nilimwandikia nikapinga. Hakunijibu, na nadhani wakati huo hakuwa na nguvu ya kunijibu. Mwenye kampuni alimpigia simu kila siku, na uso wa meneja ulikuwa umesawijika kama wa mgonjwa.

Ikafika arobaini ya Mwidani, siku ya hitma.

Katika nyumba nyingi za kwetu, mtu akifa, vioo hufunikwa au kugeuzwa ukutani, na mjane hajitazami hadi atoke eda. Mwanarehema alikuwa amevifunika vyote siku ya mazishi. Asubuhi ya hitma alipita akiukagua ukumbi kabla wasomaji hawajafika, na akaona kwamba kimebaki kioo kimoja, tena kikubwa, tena kinachong'aa, nacho kinatazama moja kwa moja mahali watakapokaa masheikh. Aliona haya. Akaenda akatoa shuka nyeupe, nzito, ile ya sandukuni ambayo hutolewa kwa mambo mazito, akaifunika mashine yote, kioo na sanduku, akaichomeka vizuri kila upande isije ikapeperuka. Kisha akaigeuza feni iwapepee wasomaji. Mwisho akaleta chetezo cha ubani, akakiweka chini kwenye pembe hiyo hiyo kwa kuwa palikuwa na nafasi.

Hakuna hata tendo moja kati ya hayo ambalo naweza kumlaumu. Yote yalikuwa ni adabu. Ndani ya ukumbi wa watu adabu ndiyo sheria, na mashine ndiyo iliyokuwa imekosea nyumba.

Mwanatatu hakuona. Alikuwa ameiacha inafanya kazi ndefu ya kupanga habari za mwezi, kazi isiyohitaji mtu, naye alikuwa chumbani na wanawake tangu asubuhi. Mimi nilikuwa ukumbini miongoni mwa wasomaji, karibu na mlango wa nje. Niliiona shuka na sikuishangaa. Nilikuwa nimezoea kuona vitu vimefunikwa katika nyumba ya msiba. Juzuu zikagawiwa, tukasoma, ukumbi ukajaa joto na moshi mtamu wa ubani. Tulipokaribia dua nilisikia mlio mwembamba, wa kukatika-katika. Nilidhani ni saa ya mtu.

Mwanatatu hakudhani. Aliusikia kutoka chumbani na akaujua kabla ya kuufikiria, kama vile mama anavyoujua mlio wa mwanawe sokoni. Ulikuwa mlio wa joto. Baada ya mlio huo mashine ilikuwa na kitambo kidogo tu. Akainuka nusu.

"Wenda wapi?" aliuliza Mwanarehema kwa sauti ya chini.

"Mashine inalia, mama."

"Na ilie. Leo ni siku ya Mwidani."

Kati yake na mashine kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia wanaume tele, wamenyanyua mikono, wanamwombea mumewe. Hangeweza kupita. Hilo kila mtu analikubali, na ndilo lililosemwa baadaye kila tulipomtetea. Lakini yeye mwenyewe hakutaka kutetewa kwa uongo, na kwa hivyo nalieleza kama alivyonieleza.

"Ningeweza kumwambia mama maneno mawili," alisema. "Toeni shuka. Mtu yeyote pale ukumbini angelisikia na kunyosha mkono. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikakumbuka nilivyomwambia Tsofa angoje stima irudi. Nikakaa."

Alikaa. Mlio uliendelea hadi "amin" ya tatu, kisha ukakatika. Mwanatatu aliinamisha kichwa, na wanawake waliomzunguka walidhani analia kwa sababu ya dua.

Bwana Gershom alikuja kesho yake. Hakukaa. Alisimama katikati ya ukumbi akiwa na shuka mkononi, kwa kuwa ndiye aliyeifunua, na chini yake sanduku lilikuwa linanuka plastiki iliyoungua na ubani.

"Uliisikia ikilia?" aliuliza kuelekea kwenye pazia.

Nilimwomba Mungu Mwanatatu aseme hapana.

"Niliisikia."

"Na hukusema neno?"

"Sikusema."

"Mwanatatu, unajua ulichotufanyia?"

Mwanarehema ndiye aliyejibu. "Baba, wewe uliniletea mgeni ukumbini kwangu, hukuniambia hafunikwi. Kama kuna wa kuulizwa, niulize mimi. Na hiyo shuka nipe, ni ya kufunikia maiti."

Meneja akaitazama shuka aliyoishika, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Diski haikufufuka. Tepu zilipotolewa kabatini, baadhi zilisomeka na baadhi zilikuwa zimekwisha kuliwa na unyevu na chumvi. Tulirudi kwenye kalamu. Tuliyaandika upya makontena kwa mkono, tukibembeleza nakala kutoka kwa mawakala wa meli, na wateja wawili wakubwa wakachukua mizigo yao wakaenda zao. Barua ya kumwachisha kazi Mwanatatu ilikuwa tayari mezani kwa Bwana Gershom.

Niliomba mkutano na mwenye kampuni, na safari hii nilisema kila nililokuwa nimelizuia. Nilimwambia kwamba mtu aliyeweka mali yake chini ya ngazi hana haki ya kumfukuza mlinzi wakati ngazi inapomwangukia. Nilimwambia kwamba alidhani ameokoa gharama ya jenereta, ya kiyoyozi, ya mlinzi wa zamu na ya chumba kikavu, kumbe gharama zote hizo zililipwa. Zililipwa na mwanamke mmoja, kwa jioni zake, na kwa saa ya mwisho ya mumewe. Nilimwuliza: kama biashara yako nzima inakufa kwa sababu mjane mmoja amekaa eda, ni nani aliyeijenga biashara hiyo vibaya? Alikuwa mtu wa hesabu, hakuwa mtu wa maneno. Naamini wateja wawili walioondoka walimshawishi kuliko mimi. Mashine mpya iliponunuliwa, ilipelekwa moja kwa moja Miritini. Barua ya kumwachisha kazi Mwanatatu ilichanwa. Akaandikiwa nyingine: atarudi kama karani wa kawaida, bila cheo cha utaalamu.

Nilimpelekea mimi mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kumwambia tukate rufaa. Ilisomwa nyuma ya pazia.

"Basi nitamaliza eda yangu?" sauti ikauliza.

"Utaimaliza."

"Hakuna atakayekuja?"

"Hakuna."

"Basi waambie nimeshukuru."

Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye hakuwa na nafasi ya hasira.

Alipotoka eda, na kabla ya kukikalia kiti chake kipya, aliomba kitu kimoja tu: apelekwe Miritini. Tsofa alituendesha. Langoni tuliandika majina yetu na kuonyesha vitambulisho, kisha akaja kutupokea msimamizi wa zamu, Wairimu, binti wa kutoka Nyeri, mchangamfu, aliyesema Kiswahili cha haraka.

"Karibuni. Msiogope baridi, ni ya mashine. Sisi tunavaa sweta tu."

Tukaingia. Chumba kilikuwa kikavu, cheupe, kimya ila kwa mvumo mmoja wa chini. Sakafu ilikuwa imeinuliwa, na nyaya zote zimepita chini yake zisikanyagwe na mtu. Mashine zilisimama safu kwa safu ndani ya makabati ya chuma, na yetu ilikuwa mojawapo, haina kutu, haina vumbi. Wairimu alitueleza kwamba stima ikipotea betri kubwa hushika, na kabla hazijachoka jenereta la nyuma huwa limeshaamka lenyewe. Tepu hutolewa kila siku zikapelekwa jengo jingine, kwenye sefu isiyoshika moto. Joto likipanda kidogo, kengele hulia mezani kwa mtu aliye macho.

Mwanatatu aliweka kiganja chake juu ya kabati la mashine yetu. Alikiondoa upesi, kama aliyegusa kitu kisicho chake.

"Nani hukaa nayo jioni?"

"Watu wawili. Kwa zamu. Wakimaliza, wengine wanaingia."

"Na Idi?"

"Idi wanakaa wale si Waislamu. Krismasi ndio tunawarudishia." Wairimu akacheka.

Mwanatatu hakucheka. "Na mmoja wao akifiwa?"

Wairimu alimtazama kama aliyeulizwa kama maji hulowesha. "Si anaenda matanga? Mwenzake anashika."

"Mwenzake anashika," Mwanatatu alirudia taratibu. Kisha akaniambia anasikia baridi, na tukatoka. Tukapanda gari hadi foleni ya feri. Hapo akasema, bila kumwelekea yeyote kati yetu, "Kumbe ilikuwapo. Siku zote hizo, ilikuwapo." Tsofa akaongeza sauti ya redio.

Sasa hutoka ofisini saa ile tunayotoka wote. Hakuna anayempigia makofi kwa hilo, wala hajihisi ameshinda chochote. Hutembea kwenda kituoni polepole, mfuko begani, kama mtu anayejifunza tena njia. Wiki iliyopita nilipita Mtongwe kuwajulia hali. Mwanarehema alikuwa amekaa mkekani chini ya feni ya Mwidani, miguu ameinyosha, na Mwanatatu alikuwa uani anachuja tui. Magharibi ilikuwa imekaribia. Mara stima ikapotea, feni ikaanza kupunguza mwendo.

Mikono ya Mwanatatu ilisimama ndani ya kifumbu. Alishainua kichwa, macho yanatafuta viatu mlangoni.

"Wenda wapi?" Mwanarehema alimwuliza.

Alikaa hivyo kidogo. Feni ikazunguka mara ya mwisho, ikanyamaza.

"Siendi popote, mama," alisema, na akaendelea kukamua.